Gari Yetu Iko Ng'ambo

Siku tonton alipoleta jipu yake mpya kwetu ili ibarikiwe, nilikuwa nyuma ya nyumba nikisugua masufuria, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Sikuisikia ikifika, na shida ilianzia hapo. Magari yote ya mtaa wetu yanajitangaza kutoka mbali: yanakohoa, yanatapika moshi, kuna mlango mmoja unaopiga makofi njia nzima. Hiyo ilifika kimya kama mgeni mwenye adabu, ikasimama mbele ya lopango letu, yaani ua wetu, na kuku wetu, ambao huwa wanakimbia hata baiskeli, wakabaki katikati ya barabara wakiitazama.

Tonton ni mdogo wa papa, wa tumbo moja. Anauza simenti na mabati. Papa anafanya kazi katika ofisi moja ya serikali ambako kazi kubwa ni kungojea sahihi ya mtu ambaye hayupo. Katika familia yetu kitu kikubwa hakitumiwi kabla mkubwa wa nyumba hajakipulizia maji kwa kinywa chake. Cherehani ya shangazi ilipuliziwa. Pikipiki ya kwanza ya tonton ilipuliziwa. Mimi mwenyewe, wanasema, nilipuliziwa siku nilipotolewa hospitalini, na labda ndiyo maana mdomo wangu haukauki hadi leo.

Tonton alimsogelea papa kwa heshima, mikono miwili mbele, akamwita yaya, yaani kaka mkubwa. Alisema: "Yaya, iko zero kilometa. Imetoka Kinshasa juu ya boti, hakuna mutu mwenye alishaikalia. Tunangoja weye tu."

Viti vilikuwa bado vimefunikwa plastiki. Mama alileta glasi ya maji. Papa akachukua maji mdomoni, akajaza mashavu, akaizunguka jipu polepole, mkono mmoja mgongoni, kama mtu anayekagua gwaride. Akafika mbele ya boneti. Sote tukangoja. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Papa alikuwa ameyameza yale maji.

Akaomba glasi ya pili, akisema kwamba ya kwanza ilikuwa na mdudu. Watu wote walikubali kuhusu mdudu, isipokuwa mimi, kwa sababu mimi pia nilikuwa ninameza, mate, nikiitazama ile jipu.

Binti wa tonton akashuka kwa mlango wa nyuma. Kwa desturi yetu yeye ni dada yangu kabisa, lakini mimi ninamwita kuzini, kwa Kifaransa, ili kuwe na umbali kidogo kati yetu. Tuko na umri mmoja, tunasoma shule moja, darasa moja, mwaka wa tano wa sekondari. Alinikumbatia bila kujali masizi yangu, na mkono wake ulikuwa baridi. Ilikuwa saa sita ya mchana, Kisangani, jua limekaa juu ya vichwa vyetu kama mwenye nyumba anayedai kodi, na mtoto huyu alikuwa na mkono wa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Nimewahi kuwaonea watu wivu kwa viatu na kwa simu. Kuonea ngozi ya mtu wivu ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Kuanzia juma lile, kila asubuhi jipu ilinipita njiani. Ilipunguza mwendo, kioo kikashuka chenyewe, na kuzini akatoa kichwa aniambie nipande. Alisema kwa roho nzuri, na hiyo ndiyo ilinichosha zaidi. Angenicheka ningejua la kujibu. Nilimwambia daktari amenikataza viyoyozi. Siku nyingine nilisema ninahesabu mashimo ya barabara kwa ajili ya zoezi la jiografia. Yeye alifika darasani shati lake bado lina mistari ya pasi. Mimi nilifika na ramani mbili za jasho mgongoni, bara moja kila upande, nikakaa benchi la nyuma yake, nikitazama ile mistari ya pasi badala ya ubao.

Bon. Kwetu kulikuwa pia na mpango wa gari, na ulikuwa wa zamani kuliko jipu ya tonton. Mama ananunua samaki wa moshi kwenye mitumbwi inayopanda kutoka Yanonge na Isangi, anawauza soko kubwa. Vitunga vyake vinabebwa na toleka, zile baiskeli za kupakia watu, na mvua ikinyesha samaki wa moshi wanakumbuka maisha yao ya zamani. Kwa miaka mitatu mama alikuwa akijinyima. Aliacha vitenge, aliacha sukari kwenye chai, hata alituachisha sisi sukari bila kutuuliza. Kisha ikafika zamu yake katika likelemba, kile kikundi cha mamas wa soko ambamo wote wanachanga na mmoja anabeba. Alipoweka zamu yake juu ya akiba yake, gari ikawezekana. Moja tu, na mara moja tu. Mama alitueleza hivyo sote mezani, akinitazama mimi kana kwamba alijua nitakachofanya.

Gari mpya tuliizungumzia dakika moja, kwa heshima yake. Kwa pesa zile gari mpya ingetupatia magurudumu mawili na kioo. Basi, okazyoni, gari iliyokwisha kutumiwa na wengine. Mama alitaka gari itakayobeba vitunga, isiyokunywa mafuta kama mlevi, na ambayo fundi wa mtaa anaweza kuitengeneza bila kuagiza kitu Dubai. Papa alitaka milango minne. Hakusema sababu, na hakuna aliyemuuliza. Mimi sikuombwa maoni lakini nilitoa: iwe nyeupe, vioo vishuke kwa kidole, na ifike kabla ya proklamasio.

Proklamasio ndiyo siku ya mwisho wa mwaka wa shule. Wazazi wanakuja, wanakaa kwenye viti vya plastiki uwanjani, na mkuu wa shule anasoma matokeo ya kila mtu kwa sauti. Lakini kabla ya matokeo kuna kitu kingine ambacho hakiandikwi popote: namna ya kufika. Watu wanasimama kando ya lango na kutazama nani ameshuka kwenye nini. Mwaka uliopita tulifika kwa toleka tatu, papa mbele kama mkuu wa msafara, na mnyororo wa toleka yangu ukatoka palepale langoni. Nilifanya kana kwamba nilitaka kushuka hapo. Mwaka huu kuzini angeshuka kwenye jipu.

Mama aliipata gari yake kabla ya mtu yeyote. Ilikuwa kamioneti ya buluu nyuma ya soko, mali ya mzee mmoja mfanyabiashara aliyechoka. Mlango mmoja ulifungwa kwa waya. Upande wa nyuma ulikuwa wazi, na ulinuka samaki tayari, kana kwamba kamioneti yenyewe ilikuwa imetuchagua. Fundi wetu aliingia chini yake, akapigapiga kwa bisibisi, akatoka na mchanga kwenye nywele na tabasamu: motere iko muzuri, alisema, mengine ni sura tu. Mama aliweka kiganja ubavuni mwake, namna ileile anavyomgusa samaki kujua kama amekauka. Nilipoona kile kiganja nilijua kwamba imekwisha. Nikaona siku ya proklamasio: jipu inasimama kimya, kuzini anashuka na mkono wake wa baridi, halafu sisi, papa anafungua waya, na mimi ninaruka kutoka nyuma pamoja na harufu ya Yanonge yote.

Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi niliingia kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaouza na kununua, na hapo nikaiona. Nyeupe. Milango minne. Vioo vya kidole. Bei yake ilikuwa palepale pa kamioneti. Chini mwenye kuuza alikuwa ameandika kwa ukweli wake wote: gari iko Lubunga, bak iko na pane, ndiyo sababu bei imeshuka.

Kwa mtu asiyejua mji wetu: mto unaukata. Sisi tuko kuume, Lubunga iko kushoto, na daraja hakuna. Mtu anavuka kwa mtumbwi. Gari inavuka kwa bak, ile feri ya chuma, na bak ikipata pane, yaani ikiharibika, gari iliyoko Lubunga inabaki Lubunga. Hapo bei zake zinashuka, zinaitwa bei ya ng'ambo, na kila mtu Kisangani anajua mtu mmoja aliyenunua kwa bei ya ng'ambo siku mbili kabla ya bak kutengenezwa, akavusha, akauza kuume na kujenga nyumba. Mimi sijawahi kumwona huyo mtu. Lakini wote wanamjua.

Nilimwonyesha papa picha wakati mama yuko soko. Aliitazama sana. Kisha akauliza: "Bak si iko na pane?"

"Ilikuwa," nilisema. "Papa ya mwenzangu wa darasa anatumika kazi kule. Asema kipande kilishafika na boti ya juzi. Lundi inaanza kuvuka."

"Kipande gani?"

"Ya motere."

Nilisema ya motere kwa sababu sikujua kitu kingine chochote kilichomo ndani ya bak. Hakukuwa na mwenzangu, hakukuwa na papa yake, hakukuwa na kipande. Ilinitoka rahisi, kama mzaha mwingine wowote, na ningeweza kucheka na kuiondoa. Lakini niliona uso wa papa ukifunguka. Alianza kunieleza mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na mashaka, kwamba tukingoja hiyo lundi, yaani jumatatu, wengine watajua na bei itapanda, kwamba kamioneti ya buluu iko hapa na itakuwa hapa siku zote, lakini hii ni ya leo.

Jioni alimweleza mama. Mama alisikiliza huku akitenganisha samaki wazima na waliovunjika. Aliuliza mara mbili kuhusu kipande. Mara zote mbili nilijibu mimi, na mara ya pili nikaongeza kwamba kiti cha nyuma kinalala, vitunga vitaingia. Nafikiri mama alikubali kwa sababu ya papa. Tangu waoane mtu huyo hakuwa ameomba kitu chochote.

Tulivuka familia nzima kwa mtumbwi wa mota, pamoja na fundi, ambaye alisikiliza injini ya gari kwa sikio moja, kisha kwa lingine, kisha akasema anaisikia vizuri. Mama akalipa. Papa akachukua maji mdomoni na kuipulizia gari yake mwenyewe, na safari hii hakumeza hata tone.

Lundi ikafika. Bak ilikuwa imelala kando ya maji kama kawaida, na wamama wameanika mihogo juu yake.

Papa aliniuliza. Nikasema kipande kilichofika si chenyewe, kimerudishwa. Lundi iliyofuata kipande kingine kilikuwa kimekwama Basoko kwa sababu boti imepanda juu ya mchanga. Lundi ya tatu kilikuwa kimefika lakini mtu mwenye ufunguo wa kukifungia alikuwa na msiba Isangi. Kile kipande changu kilisafiri kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Mwishoni nilikuwa ninakiamini kidogo. Nilikuwa ninaona hata rangi yake.

Wakati huohuo gari ya ng'ambo ilianza kula. Ililazimu kumlipa sentineli wa kuilinda. Betri ikafa kwa kukosa kazi, tukanunua nyingine. Kila jumamosi papa alivuka kwa mtumbwi, akaiwasha, akaiosha, na mwenye kuuza akamfundisha kuiendesha kwenye uwanja wa mpira, kati ya goli mbili. Alirudi jioni na vumbi masikioni, mwenye furaha kama mtoto, akitueleza namna alivyopata gia ya tatu. Mama alimsikiliza. Vitunga vyake viliendelea kubebwa na toleka, na siku moja mvua ilimkuta dereva katikati ya njia, kitunga kizima kikaharibika. Mama alisema tu kwamba mwezi huo nguo ya proklamasio isahauliwe, nitavaa ya mwaka uliopita.

Kamioneti ya buluu ilikuwa imenunuliwa na mama mwingine wa soko, jirani wa meza yake, anayeuza samaki walewale. Nilikwenda soko siku moja kumpelekea mama chakula, na nikaiona ikiingia, imejaa, waya mlangoni, vitunga vikavu hadi juu. Mama aliinua kichwa, akaitazama hadi ilipozima motere. Mimi ninaujua ule utazamaji. Ni mimi ninayeitazama jipu vile. Sikujua kwamba na mama anaweza.

Mtu mwenye akili angesema ukweli hapo. Mimi nilienda shuleni na kumwambia kuzini kwamba tumenunua gari.

Alinishika mikono miwili. Akataka kujua rangi, vioo, kila kitu, na mimi nikamweleza, na katika maelezo yangu gari iliongezeka kidogo, ilipata redio na hewa ya baridi. Akauliza ataiona lini. Nikamwambia siku moja kabla ya proklamasio, saa kumi, aje bandarini pa mitumbwi, ataiona ikivuka kwa macho yake. Nilisema vile ili aondoke. Yeye akaiandika kwenye mkono, kwa kalamu ya bik.

Siku ile ikakaribia. Nilianza kumwambia papa, kila jioni, namna ingekuwa aibu kufika tena kwa toleka wakati tuna gari. Sikuhitaji kusema sana. Yeye pia alikuwa ameshafikiria lile lango na jipu ya mdogo wake. Alhamisi akarudi na habari: kuna watu Lubunga wanaovusha magari bila bak. Wanafunga mitumbwi miwili mikubwa pamoja, wanaweka mbao juu, gari inapanda, mota mbili zinasukuma. Wameshavusha nyingi, alisema. Mama akauliza ngapi zilifika. Papa akasema nyingi.

Siku moja kabla ya proklamasio tulikuwa Lubunga, papa, mama na mimi. Kuzini alikuwa ameniandikia kwamba atakuwa kule upande mwingine saa kumi kamili. Gari yetu ilisimama mbele ya maji, imeoshwa, inang'aa vibaya sana. Wale vijana wa mitumbwi walifanya kazi bila maneno mengi. Mkubwa wao, mwanaume mfupi mwenye fulana iliyoloa, alipima upana wa magurudumu kwa kamba, kisha akapima mbao kwa kamba ileile, akasogeza ubao mmoja kwa mguu. Alimwambia papa kwamba ndani ya gari asikae mtu, na kwamba vioo vyote vifunguliwe. Papa akauliza kwa nini vioo. Yule akasema ni hivyo tu wanavyofanya.

Papa akaiendesha hadi magurudumu ya mbele yakakanyaga mbao. Mbao zikalia. Mitumbwi ikashuka, ikashuka tena, na maji yakabaki chini ya ukingo kwa upana wa kiganja. Nusu ya gari ilikuwa bado juu ya ardhi. Mto ulikuwa unapita haraka, rangi ya chai nzito, umebeba majani ya kongo-ya-sika, yale magugu ya maji, yanayozunguka kana kwamba hayana haraka.

Mama ndiye aliyeuliza. Hakupaza sauti. Alimuuliza yule mkubwa kama haingekuwa heri kungoja bak, kwa kuwa kipande chake kimeshafika.

"Kipande gani, mama?" alisema yule mtu. "Ile bak hata hawajaifungua bado waone nini iliharibika. Nani alikudanganya?"

Akacheka, na vijana wake wakacheka pia, bila ubaya. Papa alikuwa kwenye usukani, kichwa nje ya dirisha, na hakucheka. Mama hakutafuta mbali. Aligeuka na kunitazama.

Nilikuwa na mizaha mitatu tayari mdomoni. Niliimeza. Nikasema kwamba kipande hakikuwepo. Nikasema hakuna papa ya mwenzangu. Nikasema nilitaka nyeupe, kwa sababu ya jipu, na kwamba kamioneti ilinuka. Nilisema vyote hivyo kwa mpangilio mbovu, nikitazama gurudumu, na nilipomaliza papa alikuwa amezima motere. Yule mkubwa wa mitumbwi alijifanya anafunga kamba ambayo ilikuwa imefungwa.

Nilingoja kofi. Kofi lingekuwa rahisi. Mama alisema:

"Bon. Hii haraka si ya papa yako, si yangu. Iko yako. Alors weye njo utasema. Ivuke ao ibaki?"

Nikamtazama papa. Alikuwa anatazama usukani. Angevuka, nilijua, kama ningesema ivuke, angewasha palepale na kushukuru. Ilikuwa saa tisa na nusu. Upande wa pili niliweza kuona bandari, watu wadogo wadogo, na mmoja wao alikuwa kuzini. Nikatazama ule upana wa kiganja. Nikafikiria chai bila sukari ya miaka mitatu ikienda chini pale, na vioo vyote vimefunguliwa.

"Ibaki," nilisema.

Papa akairudisha nyuma. Aliirudisha vizuri, bila kuzima hata mara moja, alikuwa amejifunza. Akaiegesha kwa sentineli, akafunga vioo kimoja kimoja, akarudi kwetu na ufunguo mfukoni. Mama alimwambia yeye, si mimi, kwamba kuanzia juma lijalo gari itafutiwe dereva hapahapa Lubunga, ifanye teksi, ipeleke watu na mizigo kwenye barabara za upande huu, walau ijilipie sentineli. Papa akasema sawa.

Tulikuwa tunapanda mtumbwi wa watu wa kawaida wakati bwana mmoja alifika na jipu nyeupe, kubwa kuliko gari yetu mara mbili, na kubwa kuliko ya tonton. Alikuwa anaongea kwenye simu. Hakuuliza ngapi zilifika. Alipanda juu ya zile mbao, mbao zetu, zilezile zilizopimwa kwa upana wetu, mitumbwi ikashuka, maji yakabaki chini ya ukingo kwa vidole vitatu, na wakaondoka. Sisi tukafuata nyuma yao. Njia nzima nilitazama taa za nyuma za ile jipu. Niliomba izame. Ninaandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niliomba kwa moyo wote izame mbele ya mama, yule bwana aokolewe, sawa, lakini jipu izame, ili mama aone. Haikuyumba hata. Katikati ya mto, pale maji yanapovuta, yule bwana bado alikuwa anaongea kwenye simu.

Ilifika kavu. Mama aliitazama ikishuka kwenye ardhi, kisha akajifunga kitenge upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

Na pale ufukweni, kuzini alikuwa ameona gari ikivuka juu ya mitumbwi saa kumi kamili, kama nilivyomwahidi. Alikuwa anapiga video. Alikuwa anakimbia kando ya maji, viatu mkononi, sketi ya shule imeloa hadi magotini, anapiga kelele za furaha, anawaambia watu asiowajua kwamba ni ya papa yake mukubwa, ni ya papa yake mukubwa. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilitafuta usoni mwake hata chembe moja ya kile nilichokuwa nacho mimi tangu siku ya masufuria, hata kidogo, nipate kupumzika. Hakikuwepo. Nilimwonea wivu kwa hilo kuliko kwa jipu.

Nikashuka mtumbwini, nikafika kwake.

"Siyo yetu," nilisema.

Alishusha simu. "Yenu iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Ng'ambo, chini ya miti, kulikuwa na kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Kuzini akainua simu tena, akavuta picha kwa vidole viwili, akavuta tena, hadi gari yetu ikawa miraba midogo myeupe tu kwenye kioo. Aliitazama muda mrefu, kichwa kimeinama upande.

"Naona milango," alisema. "Iko mine?"

"Mine," nilisema.

Mama na papa walikuwa wameshapanda juu barabarani, wanaongea na dereva wa toleka kuhusu bei ya kesho asubuhi.